Chatu amevimba fizi na panya wanatoka ghalani: tuanze na joto

Swali

Daktari, shikamoo. Nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha kufundishia watu habari za nyoka, huku Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Kibali cha wanyamapori tunacho. Tuna chatu jike mmoja wa mita moja na nusu hivi, na nyoka wa nyumbani wanne, wale wadogo wasio na sumu. Chakula chao ni panya. Wengine tunawanasa kwenye ghala la mahindi la jirani, wengine ni wale weupe, tunaletewa na rafiki kutoka maabara ya shule na tunawahifadhi kwenye friza. Wiki tatu zilizopita chatu alimeza panya, siku ya nne akamcheua akiwa ameoza na kunuka vibaya mno. Tangu hapo hajala. Sasa fizi zake ni nyekundu, mate ni mazito yanavutika, na pembeni mwa mdomo kuna kitu cheupe kama maziwa ya mgando. Mwenzangu mmoja anasema panya ndio waliomletea bakteria, tuachane nao kabisa tumpe vifaranga. Mwingine amenunua oksitetra, dawa ya kuku ya kuua bakteria, anataka tuiweke kwenye maji yake. Halafu mwisho wa mwezi tunapokea wanafunzi wa shule ya msingi, na wao wakija kitu cha kwanza ni kutaka kumshika. Tufanye nini? Ndaga fijo.

Mtunzaji, Rungwe

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Nakuandikia nikiwa Iringa, kwa hiyo nami nakusalimu kamwene. Nitaanza na ya leo usiku, maana chatu huyu hawezi kusubiri nimalize maelezo.

Usimlishe. Wala panya, wala kifaranga, wala usimsukumie chakula mdomoni kwa huruma. Tumbo lililocheua bado lina majeraha, na mdomo wenye usaha ukipitisha windo, usaha unashuka nalo. Mpe maji safi kwenye bakuli lililooshwa kwa maji ya moto na sabuni, na ulibadilishe kila siku. Mtoe kwenye matandiko mliyomlaza sasa, mlaze juu ya magazeti makavu ili uone kinyesi, mate na damu vikitoka. Hao nyoka wa nyumbani wanne wahudumiwe kwanza kila asubuhi, yeye awe wa mwisho, na koleo la kuwashikia chakula lisivuke kutoka kizimba chake kwenda chao. Kisha chukua kipimajoto. Hicho ndicho kitakachonipa jibu ambalo barua yako haikunipa: kizimba chake kina nyuzi ngapi usiku?

Nauliza hivyo kwa sababu mwenzako wa kwanza ana nusu ya ukweli. Panya hana usafi wa kuapia. Utumbo wake umejaa bakteria, mdomo wake vilevile, na mkojo wake kadhalika, hata akiwa mnene, mweupe na mwenye manyoya ya kung'aa. Salmonela, bakteria wa kuharisha, anaweza kukaa ndani ya panya asionyeshe dalili yoyote. Lakini nyoka wamekuwa wakila panya tangu enzi na enzi, na miili yao imeumbwa kupambana na mzigo huo. Silaha yao kubwa ni tindikali ya tumbo. Chatu akiwa na njaa, tumbo lake halina ukali wowote. Akishameza, tumbo linaanza kumwaga tindikali, na ndani ya siku moja hivi ukali wake unafikia pH ya karibu 1.5, kipimo ambacho namba ikishuka ukali unapanda. Katika tindikali ya namna hiyo bakteria wengi wanakufa, nyama inalainika, na hata mifupa inayeyuka.

Sharti la kazi yote hiyo ni joto. Nyoka hana jiko ndani ya mwili kama wewe na mimi. Analipata joto kutoka nje. Mpe nyuzi 30 hadi 32 na panya wa kadiri atakuwa amesagika ndani ya wiki moja hivi. Mshushe hadi nyuzi 18 au 16, na Tukuyu usiku wa Juni au Julai nyumba isiyo na moto inafika huko na kupita, tumbo linalala. Tindikali haitoki ya kutosha. Wakati huohuo bakteria waliokuwa kwenye utumbo wa panya hawakulala. Wao wanaendelea kumla panya kutoka ndani, gesi inajaa, na siku ya tatu au ya nne nyoka anatapika mzoga. Ndicho hasa ulichokiona. Ule mzoga ulipopanda ulipitisha tindikali na bakteria kwenye koo na fizi, ukachubua ngozi laini ya mdomo, na mwili uliopoa haukuwa na askari wa kwenda kuziba pengo. Maana kinga ya nyoka nayo inafuata joto: kukiwa na baridi, chembe za kinga zinafanya kazi kwa uvivu, na hata dawa nitakayompa haitafika inakotakiwa. Nyoka mgonjwa mwenye pa kuchagua huenda mwenyewe sehemu yenye joto zaidi na kukaa hapo. Hiyo ndiyo homa yake, anaitafuta kwa kutembea.

Kwa hiyo ninachoshuku ni kwamba panya alibeba bakteria na baridi ikawapa nafasi. Ukibadilisha panya ukaacha baridi, utaniandikia tena.

Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 32, upande wa pili 25 au 26, na wakati huu wa ugonjwa usiruhusu sehemu yoyote ishuke chini ya 25 hata alfajiri. Weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, sakafuni anapolala yeye na siyo ukutani unapofikia mkono wako. Balbu ya kupasha joto ikae nje ya wavu asiweze kujizungusha nayo, kwa kuwa nyoka anaungua bila kukimbia. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye madumu ya lita tano, yafunge kwa blanketi, yapange kuzunguka kizimba, kisha funika kizimba chote ukiacha tundu la hewa. Madumu manne yanakuvusha saa kadhaa. Kile chungu cha mkaa tunachowekea vifaranga nakukataza katika chumba cha nyoka. Hewa ya mkaa inaua wanyama na watu kimyakimya, na vyumba vyetu vya huku juu tunavifunga sana kwa sababu ya baridi.

Kuna na unyevu. Rungwe mnapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, maeneo mengine zaidi sana, na kitu chochote kilichowekwa sakafuni kinavuta maji. Matandiko yenye unyevu na baridi ni shamba la bakteria. Mgeuze chatu taratibu utazame magamba ya tumboni: ukiona madoa ya kahawia au malengelenge, niambie, kwa sababu hiyo ni shida ya pili inayotoka chanzo kilekile.

Sasa mdomo. Bakteria tunaowakuta mara nyingi kwenye fizi zilizooza za nyoka ni pseudomonasi na aeromonasi, pamoja na ndugu zao. Wengine wao wanaishi kwenye bakuli la maji la nyoka mzima, hata ndani ya mdomo wake mwenyewe, wakisubiri. Hawahitaji kuletwa na panya, ingawa panya anaweza kuwaongeza na jino lake linaweza kuwafungulia njia. Hicho cheupe unachokiita maziwa ya mgando ni usaha. Usaha wa nyoka hautiririki kama wetu. Chembe zake nyeupe za damu hazina kimeng'enya kinachoyeyusha usaha, kwa hiyo unaganda, unakuwa kama jibini. Ndiyo maana jipu la nyoka huwezi kulikamua. Linapasuliwa na kutolewa lote na ganda lake, na mwenye kufanya hivyo ni daktari mwenye dawa ya ganzi, siyo mtu mwenye wembe na nia njema.

Wewe unaweza kufanya hili tu: mara moja kwa siku, mtu mmoja amshike kichwa kwa upole, wa pili achovye pamba kwenye iodini iliyochanganywa na maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, apanguse fizi bila kusugua. Kinachobanduka chenyewe kitoke, kinachong'ang'ania kiache. Kichwa kiinamie chini dawa isiingie kwenye tundu la pumzi, lile unaloliona kwenye sakafu ya mdomo. Ukisikia anapumua kwa sauti, anafungua mdomo kupumua, au mapovu yanatoka puani, usingoje kesho. Usaha umeshuka kwenye mapafu.

Kabla hujapangusa kwa mara ya kwanza, sampuli ichukuliwe. Nasisitiza kabla, kwa sababu ukishapaka iodini maabara haitaotesha chochote cha maana. Mwombe daktari wa mifugo wa wilaya aje na vijiti vya pamba vya sampuli, achukue chini ya ule usaha, siyo juu yake, maana juu kuna kila kitu kilichoanguka kutoka hewani. Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo hapa Iringa kinachohudumia Nyanda za Juu Kusini. Sampuli ikisafirishwa kwenye kibebeo chake ikiwa na ubaridi, bila kugandishwa, inaweza kuoteshwa na kujaribiwa ni dawa gani inamuua huyo bakteria na ipi anaipuuza. Piga simu kwanza ukubaliane nao siku ya kupokea, hasa ukituma kwa basi mwisho wa wiki.

Hapo ndipo ilipo habari ya oksitetra. Iwekeni kando. Kuku anakunywa maji kila baada ya muda mfupi, ndiyo maana dawa ya maji inamfaa. Chatu anaweza kukaa siku nyingi asiguse bakuli, na mgonjwa anaweza asinywe kabisa. Hamtajua amepata matone mangapi. Pili, pseudomonasi ni sugu kwa oksitetra, kwa kawaida haimtikisi. Mtakachofanya ni kuwaua bakteria wanyonge na kumwachia uwanja mbabe. Na dawa ikishakaa siku tatu kwenye maji ya kizimba chenye joto, mnakuwa mmefuga bakteria sugu kwa mikono yenu, katika chumba ambacho watoto watakuja kutembelea. Tunachotumia kwa nyoka ni sindano, iliyopimwa kwa uzito wake halisi kwenye mizani, na dawa nyingine tunachoma mara moja tu kila baada ya saa 72, kwa vile mwili wake unazitoa polepole. Sindano inachomwa nusu ya mbele ya mwili. Na ipo dawa maarufu ya sindano ya ng'ombe, jentamisini, ambayo kwa nyoka aliyeishiwa maji inaharibu figo. Mtu akija nayo, mwulize kwanza kama ameshawahi kumtibu nyoka.

Nimefika kwa panya wenyewe, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu mna njia mbili za kuwapata na kila moja ina hatari yake.

Panya wa ghalani acheni. Sisemi wapunguzwe, nasema wasilishwe tena. Yule panya shamba mwenye chuchu nyingi anayejaa kwenye mahindi yetu, na panya wa darini, wanabeba mdudu kwenye mkojo wao anayeitwa leptospira. Unakumbuka Julai 2022 kule Lindi, watu waliougua homa na kutokwa damu puani, ikafahamika ni homa ya mgunda? Waliougua walikuwa 20 na watatu walifariki. Ndiye huyu. Anaingia kwa mtu kupitia mchubuko kwenye mkono au kupitia macho na mdomo, akikutana na maji au udongo uliokojolewa. Wewe unayemtoa panya mtegoni kwa mikono mitupu uko karibu naye kuliko chatu wako. Viroboto wa panya wa porini nao wanaweza kubeba tauni, na Lushoto waliishi na ugonjwa huo kwa miaka mingi kuanzia 1980. Wakiwepo panya wanaokufa ovyo ghalani bila sumu, usiwaguse, toa taarifa kituo cha afya.

Halafu kuna sumu. Huku kwetu mwenye ghala la mahindi na asiyetega sumu ni wachache. Jirani atakwambia hajaweka, kumbe mwenye ghala la tatu ameweka. Panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda anaishi siku kadhaa akitembea, amelegea, rahisi kunaswa, na ndiye huyo utakayemleta kwa nyoka. Nyoka atavuja damu ndani na wewe utadhani ni bakteria. Hili limenisumbua kazini zaidi ya mara moja.

Aliyekutwa amekufa mtegoni asubuhi naye asiliwe, hata kama ni mtego wa kubana bila sumu. Hujui alikufa saa ngapi. Bakteria wa utumbo wake hawangoji, wanazaliana tangu dakika ile moyo uliposimama, na hao ndio waliomjaza gesi yule aliyecheuliwa.

Hukuniambia kama mnawapa wakiwa hai. Kama ndiyo, acheni leo. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kituo kimoja kutazama chatu "aliyechoka". Walikuwa wamemwachia panya hai usiku, chatu hakuwa na njaa kwa sababu alikaribia kujivua gamba, panya naye akapata njaa. Nilikuta mgongo umetafunwa mpaka pingili zinaonekana nyeupe. Nyoka hakukimbia wala hakujitetea, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Jino la panya linachimba bakteria chini ya ngozi, ngozi inaziba juu, na ndani jipu linakua taratibu au bakteria wanaingia kwenye damu. Dalili ya hili la mwisho ni wekundu unaoenea kwenye magamba ya tumbo, kama mtu aliyepakwa waridi, na ikifika hapo mara nyingi tumechelewa. Yule chatu hakupona. Panya auawe kwanza, kwa haraka na bila mateso, kwa kuvunjwa shingo na mtu aliyefundishwa, kisha atolewe kwa koleo refu.

Wale weupe wa maabara ya shule ni bora zaidi, lakini ulizeni swali moja: walitumiwa kwa jaribio gani? Aliyechomwa dawa au kemikali hafai. Na waliofugwa vizuri bado wanaweza kuwa na salmonela. Uingereza, kuanzia mwaka 2008, mamia ya watu waliugua kuhara kwa aina moja ya salmonela, wengi wao watoto, na chanzo kilipofuatiliwa kilikuwa panya wadogo waliogandishwa walioagizwa kutoka Marekani kwa ajili ya kulisha nyoka. Mwezi Julai 2010 muuzaji aliyehusika huko Marekani akaondoa panya wake sokoni. Hao walikuwa panya wa kununuliwa, waliofungwa kwenye mifuko misafi.

Funzo la kisa hicho kwa friza yenu ni kwamba barafu haiui salmonela. Inaua kupe na utitiri, inaua baadhi ya minyoo, lakini bakteria inawalaza tu. Akiyeyuka wanaamka. Sasa fikiria umeme wa huku unavyokatika: panya anayeyuka nusu saa sita mchana, umeme unarudi jioni, anaganda tena, wiki ijayo hivyohivyo. Kwa macho ni panya mgumu wa barafu, ndani ameshaanza kuoza mara mbili. Fanya hivi: weka kikombe cha maji kwenye friza, yakishaganda weka sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama chini, jua barafu iliyeyuka na kuganda upya wakati haupo. Panya wote waliokuwemo watupwe, wafukiwe shimo refu mbali na mbwa. Najua inauma, panya ni fedha. Wapangeni kwenye mifuko ya panya mmoja mmoja, iandikwe tarehe, na friza hiyo isiwekwe nyama ya watu wala barafu ya juisi.

Kumyeyusha, mtoe jioni na mfuko wake, mweke chini kabisa ya friji usiku kucha, siyo juu ya meza ya jikoni. Kesho yake, dakika chache kabla ya kulisha, utumbukize mfuko kwenye maji yenye vuguvugu la kama nyuzi 40 mpaka panya apate joto la mwili hadi tumboni. Mbonyeze katikati. Kama kuna kitu kigumu, bado ana barafu, na barafu tumboni mwa chatu ni baridi unayomlisha kwa mkono wako. Asipoliwa ndani ya saa chache, tupa. Harudi kwenye friza.

Dawa ya kudumu ni kufuga wenyewe. Dume mmoja na majike watatu wa panya weupe wanatosha nyoka mlio nao; mimba ni siku 21 hadi 23, na watoto wanaachishwa wakifika wiki tatu. Chumba chao kitengwe na cha nyoka. Chakula kiwe pumba ya mahindi iliyoongezwa dagaa waliosagwa, na maji ya chupa ya kuning'iniza ili wasikojolee bakuli. Kwa matandiko, maranda ya mbao tunayo tele, Mufindi na Sao Hill wanayatupa, ila yachague makavu kabisa yasiyo na harufu kali ya utomvu, kwa sababu yale mabichi yanawachoma mapafu. Panya anayepiga chafya, anayehara, au mwenye manyoya yaliyosimama asiliwe hata kama ni mkubwa wa kutamanisha. Wavu wa banda uzuie panya wa nje kuingia, maana usiku mmoja wa mgeni kutoka ghalani unarudisha yote tuliyoyakimbia.

Kuhusu vifaranga sitasema mengi. Kuku ana salmonela wake, wakiwemo wale wa homa ya matumbo ya kuku, na vifaranga madume wanaotupwa kwenye vituo vya kutotolesha mara nyingi wamekufa muda mrefu kabla hujawapata. Kumpa chatu kifaranga mara mojamoja si kosa. Kukimbilia vifaranga kwa kuwaogopa bakteria ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile.

Wanafunzi. Huyu chatu asiguswe na mtoto yeyote mpaka apone, akaguliwe na apewe ruhusa. Hata wale wa nyumbani wanne, na hata wakiwa na afya, wachukulie kuwa wana salmonela. Nyoka wengi wanayo utumboni bila kuumwa, wanaitoa leo kwenye kinyesi, kesho hawaitoi, kwa hiyo kipimo kimoja kikija safi hakikupi cheti. Mara chache inamgeuka nyoka mwenyewe, inaingia kwenye mifupa ya mgongo, pingili zinashikana na anakuwa mgumu kama fimbo. Kwa mtoto inakuwa kuhara, homa, na kwa mdogo sana inaweza kuingia kwenye damu. Wa chini ya miaka mitano wasiguse nyoka wala kizimba. Mjamzito, mzee dhaifu na mwenye upungufu wa kinga vilevile. Hao wa shule ya msingi waguse kwa vidole viwili, nusu ya nyuma ya mwili, nyoka akiwa mikononi mwako, na kabla hawajatoka mlangoni kuwe na ndoo yenye koki na sabuni, siyo beseni la kuchovya wote. Maandazi na soda vitolewe baada ya hapo, nje. Mabakuli ya nyoka yasioshwe jikoni, na kama una mtoto mchanga nyumbani, vua nguo za kazi kabla hujambeba. Watoto wachanga wameugua bila kumwona nyoka hata siku moja.

Wewe na mwenzako mkiwa mmeng'atwa na panya wowote katika wiki tatu zilizopita, na mkapata homa, vipele na maumivu ya viungo, nendeni hospitali na mseme wazi mmeng'atwa na panya. Homa ya kung'atwa na panya inatibika kwa penisilini, lakini mhudumu asipoambiwa atawapima malaria, awarudishe nyumbani. Kama ni homa na macho mekundu na misuli ya miguu inauma, mseme mnashika panya wa ghalani.

Chatu akipona usianze kumlisha kwa furaha. Mdomo ukishakuwa safi na wa rangi ya waridi iliyopauka, hesabu wiki mbili tangu hapo, kisha mpe panya mdogo, nusu ya ukubwa aliouzoea, joto likiwa limetulia kwenye nyuzi 31. Msimguse siku saba. Akimweka tumboni na kinyesi kikatoka kizuri, wa pili awe wa ukubwa wa kati. Na yaandike yote kwenye daftari la kibali, tarehe, uzito, chakula, dawa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ndiyo iliyowapa ruhusa ya kukaa naye, na mkaguzi akija daftari hilo ndilo litakalozungumza.

Kesho amka saa kumi alfajiri, wakati ule ukungu umekaa juu ya chai na migomba, usome vipimajoto vyote viwili kabla hujawasha taa wala jiko. Nitumie hizo namba mbili pamoja na uzito wake na picha ya mdomo ukiwa wazi, ili daktari wa wilaya akishachukua sampuli nimwambie tuanze na sindano ipi huku tukisubiri maabara.